Mke Mwenza wa Mbao

Mama mkwe wangu alikuwa na mke mwenza wa mbao. Alinitangazia mwenyewe juma lile lile nilipoolewa, tukiwa jikoni tunachambua mchele. "Mwanangu," aliniambia, "mumeo ni dereva, shukuru. Gari likizeeka linauzwa, mtu anarudi nyumbani. Mimi nimeolewa uke wenza na boti." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele na kuyatupa nje dirishani, na nikajua hapo nimeingilia mambo ya watu.

Boti yenyewe iliitwa Rehema. Na mume wa hao wawili, baba mkwe wangu, alikuwa seremala wa boti, maarufu pale gatini kwa jina la Randa, kwa sababu mara nyingi ungemkuta nayo mkononi hata saa ya kula. Mtu mpole, mrefu, penseli sikioni. Hata siku ya harusi yangu alikuja na penseli sikioni, na kwenye picha zote inaonekana. Nilimsamehe lakini sijasahau.

Rehema ilikuwepo kabla Baba hajazaliwa. Iliundwa kwa ajili ya daktari mmoja aliyekuwa akizunguka visiwani kutibu watu, chombo cha mbao ngumu nyekundu, na injini iliyokohoa kuliko wagonjwa. Daktari alipoondoka serikali ikaichukua, ikaipaka kijivu, ikaitumia kubebea barua na maofisa. Serikali ilipoichoka ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa pamba, akaipaka kijani na kuiita Faida. Kijana wake alipoirithi aliipa jina la mchumba wake, kisha uchumba ukavunjika na jina likakwanguliwa kwa hasira, mpaka mikwaruzo ikaonekana. Baadaye ikaja kampuni ya samaki na barafu yao na harufu yao. Mwisho akaja Tajiri wa Hoteli. Yeye aliipaka nyeupe, akaifunga gatini kwa minyororo, akapanga meza juu ya sitaha ili watu wale chakula huku wakitazama maji. Injini ikanyamaza.

Baba aliingia mle akiwa kijana, enzi za pamba, na kila aliyeinunua baada ya hapo alimkuta ndani kama alivyoikuta nanga. "Nimeuzwa mara nyingi kuliko mbuzi," alikuwa akisema, naye anajisikia fahari. Rangi zilibadilika na majina yalibadilika, lakini pale gatini watu hawakuacha kuiita Rehema.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hamtaelewa kilichotupata. Kila mwaka Rehema ilivutwa nchi kavu, kwenye karakana ya boti pale gatini. Baba aliizunguka na nyundo ndogo, akigonga ubao mmoja mmoja huku ametega sikio. Ubao mzima hujibu kwa mlio, uliooza hunyamaza. Ulionyamaza aling'oa, akaweka mpya, halafu akakalafati, yaani akasindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa ili maji yasipite. Na karakana ile ilikuwa na sheria yake ambayo haikuandikwa popote: ubao unaotoka ni wa fundi. Mwenye chombo hana haki nao tena.

Basi Baba alikuwa akirudi jioni na ubao begani, anauegemeza uani, anasema yale yale: "Mwisho wake tu ndio umeoza. Nikiukata, utafaa nyumbani." Mimi mwenyewe nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko salamu. Na kweli, anaukata, anauranda, unapata mahali. Nyumba yao ilianza kwa udongo. Kila udongo ulipobomoka uliwekwa ubao, mpaka udongo wenyewe ukaisha. Jikoni kulikuwa na dirisha la duara. Mlango ulikuwa mfupi, mume wangu kajigonga kichwa hapo tangu akiwa shuleni.

Mama alijua ni mbao chakavu za karakana. Karakana ilikuwa na boti nyingi, zinakuja zinakwenda, hakuuliza zimetoka kwa nani. Wala hakuwahi kwenda kuona. Siku alipomzaa mtoto wake wa kwanza walimtuma jirani akamwite Baba. Jirani alimkuta amelala chali chini ya tumbo la Rehema, nyundo mkononi. "Nakuja," alisema, "acha nimalize ufa huu." Alifika mtoto ameshaogeshwa na amelala. Tangu siku hiyo Mama aliapa kwamba mguu wake hautakanyaga gatini, na haukukanyaga. Watu wa huko walimjua mumewe kuliko yeye.

Hiyo ndiyo hali niliyoikuta, nikaizoea. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na chumba changu cha matofali pembeni ya nyumba yao, nashona sare na mapazia, mume wangu safarini, maisha yanakwenda.

Halafu Tajiri wa Hoteli akasema wateja wamepungua na boti inamjazia gati. Akampa Baba habari hiyo amesimama, huku anaangalia simu: ikifika mwisho wa mwezi bila mtu wa kuichukua, itapasuliwa iwe kuni za jikoni kwake.

Baba alirudi nyumbani siku hiyo hana ubao wala neno. Alikaa barazani hadi chai ikapoa. Nilimwona mtu mzima anageuza kikombe mikononi kama hajui ni cha nini, nikaingiwa na woga. Mama alimtazama toka mlangoni, akauliza, "Amekufa nani?" Nilipomwambia habari niliyokuwa nimeisikia kwa jirani, akasema, "Mungu ni mwema," akarudi jikoni. Ndiyo, alisema hivyo. Nami nilikasirika, nikamwambia, "Mama, hata kama." Akanijibu, "Wewe hujakaa uke wenza."

Baba hakukata tamaa. Alisikia kwamba makumbusho hukusanya vyombo vya kale, akaniomba nimpasie shati, akaenda mwenyewe. Baada ya siku chache akaja bwana mmoja wa makumbusho, mtu mwenye adabu, ana tochi na kisu kidogo. Mimi nikambatiza Bwana Makumbusho. Alisema boti za madaktari wa visiwani zilikuwa kadhaa, zote zimekufa, na kama hii ni Rehema yenyewe basi wataichukua siku hiyo hiyo na kuitunza milele. Baba alinishika mkono bila kujua ananishika. Kwa kuwa Mama hatoki, niliongozana nao mimi gatini.

Bwana Makumbusho aliingia chini kabisa kwenye ngama, pale maji machafu yanapojikusanya, akatoka magoti yamelowa. Akaanza kuuliza.

"Mzee, huu mkuku, huu mti mkubwa wa chini unaobeba chombo chote, ni wa asili?"

"Huo nimeubadilisha mimi," Baba alisema. "Tuligonga mwamba enzi za samaki. Wakaniambia chombo kimekufa. Nikasema, nipeni nafasi."

"Na mataruma? Hizi mbavu?"

"Mimi. Moja moja, lakini zote."

"Mbao za ubavuni?"

"Mimi."

"Sitaha?"

"Mimi, tena mara mbili."

"Injini?"

"Hiyo ni ya tatu. Ya pili ndiyo ilikuwa nzuri, basi tu."

Baba alizidi kutanua kifua kwa kila jibu, na kwa kila jibu uso wa yule bwana ulizidi kuanguka. Mimi niliona kabla ya Baba kuona. Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze, lakini alikuwa ameshasema yote.

"Mzee wangu," Bwana Makumbusho alisema taratibu, "sijawahi kuona kazi safi kama hii. Lakini hii siyo Rehema. Rehema ya daktari haimo humu."

Baba akacheka. Alidhani ni utani. Alipoona hatucheki, kicheko kikakatika katikati, akabaki mdomo wazi. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa boti, kama anayetaka kuhakikisha ipo.

"Haimo humu? Sasa imo wapi?"

"Umeitengeneza mpaka imekwisha, mzee."

Wallahi sijawahi kusikia maneno mabaya yaliyosemwa kwa upole namna ile. Mimi naweka viraka kwa mkate wangu wa kila siku, na sijawahi kufikiri kwamba kuna siku kiraka kinaila nguo yote. Mtu kaitunza boti ujana wake wote na uzee wake, halafu anaambiwa utunzaji wenyewe ndio umeimaliza! Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Ndipo yule bwana akauliza, kwa kuuliza tu, "Zile mbao za zamani ulizitupa wapi?"

"Sikuzitupa," Baba alisema. "Ziko nyumbani."

Tulirudi nyumbani watatu, Bwana Makumbusho ametangulia kana kwamba njia anaijua. Mama alikuwa sebuleni amekaa kwenye mkeka, anakunja nguo. Akamkaribisha mgeni. Mgeni akaitikia, lakini hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akawasha tochi mchana kweupe, akamulika ukuta. Akapitisha vidole kwenye mbao. Akamulika dirisha la jikoni. Akamulika juu, kwenye boriti inayobeba paa, na tochi ikabaki hapo hapo.

Baba, masikini, akafufuka. Alikuwa hajaongea tangu gatini, sasa maneno yakamtoka mfululizo. "Huu ni ubavu wa kulia, kuanzia usukani kuja mbele. Mbao nimezipanga kwa mfuatano wake, sipendi kuchanganya. Kule chumbani ndio ubavu wa kushoto. Dirisha lilikuwa la chumba cha daktari. Na hiyo boriti ndiyo mkuku wenyewe. Ulipasuka ncha tu, nikaikata."

Mikono ya Mama ilisimama, shati la Baba limekunjwa nusu.

"Baba watoto," alisema. "Kumbe zote ni za boti moja?"

"Zote."

"Boti gani?"

Baba akageuka. Nadhani wakati huo tu ndio alipoelewa yuko wapi na anaongea na nani. Penseli ilimdondoka sikioni, hakuiokota.

"Nimekuuliza boti gani."

"Rehema," alisema, kwa sauti ya mtoto.

Mama alisimama. Akatazama ukuta huu, akatazama ule, akatazama juu. Nimeishi na mwanamke yule miaka, sijawahi kumwona uso ule. "Nimezaa watoto wangu ndani yake," alisema. "Nimelala ndani yake. Nimemsengenya usiku na mchana, kumbe amenizunguka, ananisikiliza." Mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Kikashuka haraka, kwa sababu Mama hakuwa amemaliza.

"Kila ulipoleta huku ubao mbovu, kule uliweka nini?"

"Ubao mwingine."

"Mwingine upi?"

"Mpya."

"Mpya."

"Mama watoto, ni chombo. Kisipowekwa mpya kinaingia maji."

"Na nyumba yangu ilikuwa ikiingia nini?"

 Wote tulijua. Mvua ikinyesha, nyumba ile ilikuwa na sufuria kila kona, na mimi mwenyewe nimewahi kumkuta Mama amekaa kitandani na mwavuli, anasuka ukili kama hakuna kitu. Kule gatini watu walikuwa wakila kwenye sahani nyeupe juu ya sitaha isiyopitisha hata tone. Jambo hili lilikuwa mbele ya macho yetu sote, siku zote, na hakuna aliyeliona. 

Bwana Makumbusho, naye, akachagua wakati huo huo kufungua mdomo. "Mama, hizi siyo mbovu. Hizi ndizo zenye thamani. Kama mtakubali, tutaijenga Rehema upya kutoka kwenye nyumba hii, nanyi tutawajengea ya matofali."

"Chukueni," Mama alisema. "Anzeni na ule mkuku ulio juu ya kitanda changu."

"Mama watoto! Mkitoa boriti paa litaanguka!"

"Lianguke."

Akatoka. Alikuja chumbani kwangu, akakaa nyuma ya cherehani, akalia bila sauti na uso wake ndani ya pazia la mteja.  Nilimsugua mgongo tu.

Walikuja na chaki wakaandika namba kwenye kila ubao, wakang'oa nyumba kwa adabu, kama wanamvua mgonjwa nguo. Sisi tulihamia kwenye chumba changu. Mama alilala nami kitandani, Baba kwenye benchi katikati ya sare za watoto wa shule. Mama hakumsemesha. Ilibidi nipeleke maneno kutoka upande huu wa meza hadi ule. "Mwambie baba yako chai iko tayari," na Baba amekaa pale pale, goti kwa goti. Habari ya matofali Mama hakutaka kuisikia. Bwana Makumbusho alipokuja na ramani ya nyumba alimwambia, "Mwanangu, subiri. Sijaamua nataka nini."

Baba naye alipata pigo lake la pili. Aliuliza Rehema ikikamilika itashushwa maji lini, akaambiwa haitashushwa. Itakaa ndani ya ukumbi, chini ya taa, daima. "Boti itakaa kavu?" aliuliza. Alirudia swali hilo jioni nzima, mara ananiuliza mimi, mara anauliza cherehani. Na ile ya gatini, ile aliyoigonga na kuisikiliza umri wake wote, sasa haikuwa na jina. Tajiri wa Hoteli alisema haina haja ya kusubiri mwisho wa mwezi. Baba akamwomba kitu kimoja tu, aivunje mwenyewe, maana vijana wangeipasua ovyo kwa shoka.

Asubuhi ya kazi hiyo nilikuwa nafunga chakula cha Baba, Mama akaniambia, "Nipe nibebe mimi." Nikamwuliza anabeba kupeleka wapi. "Gatini," alisema, anajifunga mtandio. Bakuli nusura liniponyoke.

Tulipofika, mafundi wa zamani walisimama mmoja mmoja. Walimwamkia kwa heshima, huku wakitazamana. Baba alikuwa juu ya ngazi, ametoa mbao kadhaa, na vijana wa hoteli walikuwa wakizipakia kwenye mkokoteni. Alipomwona mkewe alishika ngazi kwa mikono miwili.

Mama hakumwangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa Tajiri.

"Habari za kazi, bwana. Hizo zinakwenda wapi?"

"Jikoni kwangu, mama. Kuni."

"Ubao unaotoka ni wa fundi," Mama alisema. "Au sheria imebadilika?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga pale! Kumbe maneno yote ya karakana yalikuwa yakimfikia jikoni, naye akayahifadhi. Mafundi wakapasuka kicheko, mmoja akapiga kofi ubavuni mwa boti, wakasema ndivyo, tangu zamani ni wa fundi. Tajiri akawatazama, akawaona ni wengi, akawaambia vijana washushe.

Mama akaisogelea boti. Akainua shingo, akaitazama toka mbele hadi nyuma, kama unavyomtazama mtu uliyesikia habari zake miaka mingi.

"Ndiye huyu?"

"Wanasema siye," Baba alijibu toka ngazini. Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu siku ya tochi.

"Huyu katengenezwa na nani?"

"Na mimi."

"Wote?"

"Wote."

Alipitisha kiganja kwenye maungio, mahali ambapo hata ukucha haupiti. "Kumbe unajua kujenga," alisema. "Mimi nilidhani unajua kuziba tu."

Baba alishuka. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi la mbao. Mama akamwambia nyumba anayoitaka ni ya mbao, na safari hii atachagua mwenyewe. Akaanza kupita, anagonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Sijui nani alimfundisha. "Huu umeuweka lini?" "Mwaka jana." "Mpya?" "Mpya kabisa." "Huu utakaa juu ya kitanda. Na huu? Na ule?" Baba akawa anamfuata na chaki, anaweka alama anapoonyeshwa, na mimi nilikaa juu ya kamba na bakuli la chakula mapajani, sijui nicheke au nilie.

Rundo la Mama likakua. Walifika karibu na usukani, hapo Baba akainama, akaokota ubao mrefu uliokuwa kando. Akaugeuza, akaukagua, akaupuliza vumbi, akasema, wala hakufikiri:

"Mwisho wake tu ndio umeoza. Nikiukata, utafaa nyumbani."

Mafundi wakaweka nyundo chini. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, Mama alikuwa amesimama vile vile, anamwangalia tu, na Baba alikuwa ameganda na ubao mikononi, uso umempauka.

"Ndivyo nilivyokuwa nikisema?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Kila mara?"

"Kila mara, Baba watoto."

 Kisha akaubeba ule ubao begani, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaupeleka mwenyewe hadi kwenye mkokoteni wa kuni, akauweka.